Karatasi zilizo ukutani kwangu, na ile isiyokuwepo

Wiki chache zilizopita nyanya mmoja aliyemleta mjukuu wake kutoka mtaa wa Kayole, hapa Nairobi, alisimama mbele ya ukuta wa kliniki yetu, akazikagua karatasi zilizotiwa fremu moja baada ya nyingine huku mtoto akimvuta leso, kisha akaniuliza: "Daktari, katika hizi zote, ni ipi ambayo serikali ilikupa ikakuambia uguse watoto wa watu?" Mimi si daktari, ni mtaalamu wa tiba ya usemi na lugha, na nimechoka kulisahihisha jina hilo kila siku. Swali lake, hata hivyo, lilistahili jibu la kweli, na jibu la kweli ni kwamba, kwa maana aliyoikusudia yeye, hakuna hata moja.

Karatasi ya kwanza ni shahada ya chuo kikuu, inayoshuhudia kwamba nilifundishwa na nikafaulu, basi. Ya pili ni ya uanachama wa chama cha wanataaluma: wenzangu wakiona nimekosea wanaweza kunifukuza chamani, lakini kesho yake hakuna kinachonizuia kufungua mlango na kuita mgonjwa wa kwanza. Ya tatu ni leseni, ila ni leseni ya kituo. Inahusu jengo na huduma zake, haisemi lolote kuhusu mikono yangu. Ya nne ndiyo iliyokuwa leseni hasa, nayo ni ya Uingereza na muda wake umekwisha.

Huko Uingereza jina la kazi yangu linalindwa na sheria. Anayejiita mtaalamu wa usemi na lugha bila kuwamo katika daftari la HCPC, baraza linalosajili wataalamu wa afya, anatenda kosa la jinai. Usajili huhuishwa kila baada ya miaka 2, daftari liko wazi kwa yeyote mwenye intaneti, na baraza likithibitisha kwamba mtu amewadhuru wagonjwa linaweza kumwondoa, naye hawezi tena kulitumia jina lile.

Upande wa masikio una mpangilio ambao zamani niliuona kama kichekesho. Wauzaji wa vifaa vya kusaidia kusikia walianza kudhibitiwa kwa sheria ya mwaka 1968, na mwaka 2010 wakawekwa chini ya baraza hilohilo la wataalamu wa usemi, ilhali jina la odiolojisti, yaani mtaalamu wa usikivu, ambaye huenda amesoma kuliko muuzaji, halina ulinzi wa aina hiyo. Siku hizi nadhani waliotunga sheria ile waliona mbali. Anayempima mtu masikio na papo hapo kumuuzia kifaa ana sababu ya kukuta tatizo hata pale lisipokuwepo, kwa hiyo sheria ilianza na yeye.

Marekani leseni hutolewa na jimbo. Florida ilitangulia mwaka 1969 na leo majimbo yote 50 yana utaratibu wake. Cheti cha ASHA, chama cha Marekani cha wataalamu wa usemi na usikivu kilichoanzishwa mwaka 1925, ambacho mtaalamu wa usemi hukipata baada ya masomo, mtihani na saa 400 za mazoezi, si leseni, ingawa majimbo mengi yamejenga masharti yao juu ya msingi huohuo. Mtaalamu akimhudumia kwa video mtoto aliye katika jimbo jingine, kwa kawaida anahitaji ruhusa ya kule aliko mtoto.

Hapa Nairobi mzazi hukutana na watu walio chini ya mamlaka tofauti. Daktari bingwa wa masikio, pua na koo yuko chini ya KMPDC, baraza la madaktari. Afisa wa kliniki aliyebobea katika masikio yuko chini ya baraza lao, lenye sheria yake ya mwaka 2017. Mwalimu wa watoto viziwi husajiliwa na TSC, tume ya walimu. Wataalamu wa fiziotherapia walipata sheria yao mwaka 2014, na wenzetu wa tiba kazi mwaka 2017. Sisi wa usemi hatuna sheria yetu ya namna hiyo. Iko Mamlaka ya KHPOA, ya kuangalia taaluma zote za afya, iliyoundwa chini ya Sheria ya Afya ya mwaka 2017, ambayo miongoni mwa majukumu yake ni kupokea malalamiko ya wagonjwa, nami huwaambia wazazi waijue. Lakini kupokea lalamiko baada ya madhara si sawa na kumzuia mtu mlangoni.

Wapo wanaoniambia kwamba kazi ya kadi za picha na nyimbo haiwezi kumdhuru mtu. Hawajaona upande wake mwingine. Sisi ndio tunaoamua kama mgonjwa aliyepigwa na kiharusi anywe maji au uji mzito, na tukikosea, kinachomezwa huishia mapafuni. Anayechukua umbo la sikio ili kufinyanga kiziba cha kifaa asipotazama ndani kwanza na kuweka kizuizi cha pamba, majimaji yanayotiwa sikioni kuchukua umbo hilo yanaweza kupita kwenye kiwambo kilichotoboka na kugandia ndani.

Huwa natajiwa pia uamuzi wa Marekani ulioanza kutumika Oktoba 2022 wa kuruhusu vifaa vya kusikia viuzwe dukani bila kupitia kwa mtaalamu, kana kwamba unahalalisha vipaza sauti vya kuvaa masikioni vinavyouzwa mjini kando ya chaja za simu. Ruhusa ile ni ya watu wa miaka 18 na zaidi, wanaohisi upungufu mdogo au wa kadiri. Mtoto hakuguswa.

Mjukuu wa yule nyanya alikuwa na miaka minne na hakuwa na neno hata moja. Kwanza alikatwa kimeo. Kisha kwa miezi minane alipelekwa kwa mtu aliyejiita mtaalamu wa usemi, akapulizishwa baluni na filimbi ili ulimi upate nguvu, na katika muda huo wote hakuna aliyeagiza apimwe masikio. Nilimpeleka kupimwa kabla ya kufanya lolote, na majibu yakaonyesha kwamba hasikii vizuri kwa masikio yote mawili.

"Huyo wa filimbi naye alikuwa na karatasi ukutani," nyanya aliniambia. "Nyingi kuliko zako. Mkata kimeo hakuwa na hata moja, lakini yeye angalau hakujiita daktari."

Aliniomba niandike nyuma ya kadi ya mtoto jina langu kamili, chuo nilichosoma na nambari ya leseni ya kituo, akaikunja, akaifunga kwenye pindo la leso. Fremu ya Uingereza niliiteremsha jioni ileile.