Kabla sijaingia Darasa la Kwanza

Muhula ujao nakwenda BTP, yaani mazoezi ya kufundisha shuleni, na nimeomba nipangiwe Darasa la Kwanza. Wenzangu wengi katika chuo cha ualimu wanalikwepa. Wanaona kufundisha a, e, i, o, u ni kazi isiyo na hadhi, bora kupewa Sayansi Darasa la Sita. Mimi naamini hakuna kazi nzito kuliko hiyo katika shule ya msingi, na ndiyo sababu maandalizi yangu yameanza mapema, kabla hata ya azimio la kazi, ule mpango wa masomo ya muhula mzima.

Hapa Tanzania, tangu mtaala wa 2015, Darasa la Kwanza na la Pili yamejengwa juu ya KKK: Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Kwa upande wa kusoma, lugha yenyewe inatusaidia sana. Kiswahili kina irabu tano, na karibu kila herufi ina sauti moja isiyobadilika, kwa hiyo mtoto aliyeshika silabi anaweza kutamka neno ambalo hajawahi kuliona. Lakini hapo hapo ndipo mwalimu anapodanganyika. Darasa zima linaimba "ba, be, bi, bo, bu" kwa nguvu, naye anaona kazi imekwisha. Mwite mtoto mmoja, muonyeshe "bo" peke yake. Wengine utawaona midomo ikicheza: wanaanza kimoyomoyo kutoka "ba" mpaka waifikie. Huyo amekariri wimbo, bado hajasoma.

Kwa hiyo wiki za mwanzo nimezipanga ziwe za masikio. Neno gani linaanza kwa sauti ya "mama"? Meza au kuku? Tukitoa "ka" kwenye "kalamu" inabaki nini? Mtoto asiyesikia kwamba neno lina vipande hatakuwa na kitu cha kuunganisha na herufi nitakazomwonyesha. Na herufi nitazitaja kwa sauti zake, si kwa majina. Ukimfundisha mtoto kwamba hii ni "bii" na hii ni "a", akiziunganisha kwa uaminifu atakusomea "bia", na hatakuwa amekosea.

Baada ya irabu nitaanza na m, s, l na n. Sauti hizi zinavutika (mmmm-a, ssss-a), kwa hiyo mtoto anasikia zinavyoungana, tofauti na k au t zinazokatika papo hapo. Tena kwa herufi hizo chache tu tayari tunapata mama, lala, sema, lima, simama: maneno anayoyajua, ambayo anaweza kuyatenda pale pale darasani. Mabango ya alfabeti yenye q na x sitayatundika kwa sasa. Herufi hizo hazina kazi katika neno lolote nitakalomsomesha.

Kuna mahali ambapo hata Kiswahili hakinyooki, na nimeona andalio la somo likipaita "herufi mwambatano", yaani konsonanti zinazofuatana, na kupita haraka. M inaweza kusimama silabi peke yake: m-tu, m-ti, m-to-to. Katika mbuzi imeshikana na b, mbu-zi. Katika mbu imejitenga, m-bu. Linganisha "mtu mbaya" na "tabia mbaya". Maandishi ni yale yale, lakini la kwanza tunatamka m-ba-ya, la pili mba-ya. Mtoto anayezungumza Kiswahili nyumbani atajirekebisha mwenyewe akishalitambua neno. Mgeni wa lugha hii anahitaji kulisikia kutoka kwangu.

Na wageni ni wengi. Mtoto wa kijijini Simiyu au Shinyanga anaweza kufika shuleni na Kisukuma chake, lugha yenye irabu saba, akakutana na Kiswahili kwa mara ya kwanza ubaoni. Anaweza kutamka "anapalilia" bila kosa wala kujua ni nini, ingawa kupalilia amekufanya shambani na mama yake. Nitamwacha aniambie kwa lugha yake, kisha tulitafute neno la Kiswahili pamoja, ndipo tulisome. Akiandika "zahabu" badala ya "dhahabu" sitakimbilia kalamu nyekundu. Ameandika alichosikia, na hiyo ndiyo stadi niliyokuwa naitafuta. Itakayobaki ni kazi ya sauti ya dh.

Jambo ninalolifikiria zaidi ni urefu wa maneno yetu. "Hawajatusomea" ni neno moja, lakini ni sentensi kamili. Mtoto anayejikokota silabi kwa silabi, akifika "me-a" amekwisha kusahau "ha-wa". Ndiyo maana naona si haki kumpima kwa idadi ya maneno kwa dakika na kumlinganisha na mtoto anayesoma Kiingereza. Dawa ninayoiandaa ni kadi za manila zenye vipande: a, na, li, ta, ha, ja, soma. Watoto watabadilisha kipande cha katikati, anasoma, alisoma, atasoma, na kila mara nitauliza: amekwisha kusoma au bado? Nataka jicho lizoee kuvishika "ali" na "ata" kwa mkupuo, na maana ije pamoja navyo.

Yote haya yanadai kumsikiliza mtoto mmoja mmoja. Kiwango ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja, lakini tangu elimu bila malipo ianze 2016 yako madarasa yenye zaidi ya mia. Nimeamua kusikiliza wachache kila siku wengine wakiandika, na kuwa na daftari lisilo na alama za vema. Mbele ya jina nitaandika alipokwama: "anaanzia ba", "anachanganya b na d", "anasoma vizuri, haelewi". Huyu wa mwisho ndiye nitakayemkalisha karibu. Wa kwanza na wa pili kila mtu atawaona. Yeye atapita madarasa kwa sauti nzuri, mpaka Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne utakapomwekea swali la Sayansi, alisome lote bila kukwama, na asijue ameulizwa nini.