Staki mbili kwenye swichi: IPv4 na IPv6 ndani ya kisanduku kimoja

Staki mbili ni mpangilio ambao kifaa kimoja cha mtandao huendesha kwa wakati mmoja IPv4 na IPv6, matoleo mawili ya itifaki (kanuni za mawasiliano) ya intaneti, kila itifaki ikiwa na anwani zake, jedwali lake la njia na kanuni zake za usalama. Itifaki hizi hazielewani: kompyuta yenye IPv6 pekee haiwezi kuifikia moja kwa moja seva yenye IPv4 pekee, hata kama zote zimechomekwa kwenye poti zinazopakana za swichi ileile, yaani kisanduku kinachounganisha kompyuta za jengo kwa waya. Ni wapangaji wa nyumba moja wanaopishana koridoni bila kusalimiana.

Kuishi pamoja huku kumeletwa na uhaba. IPv4, iliyowekwa katika maandishi rasmi mwaka 1981, ina anwani za biti 32, yaani takriban bilioni 4.3 tu. Akiba kuu ya dunia iliisha Februari 2011, na AFRINIC, chombo kinachogawa anwani barani Afrika kikiwa na makao yake Mauritius, kilianza kuzigawa kwa kubana zaidi Januari 2020. IPv6 ina anwani za biti 128, lakini printa, kamera za ulinzi na programu za uhasibu zilizonunuliwa miaka ya nyuma bado zinaitegemea IPv4, kwa hiyo fundi hulazimika kuziendesha zote mbili.

Mnunuzi anapouliza kama swichi fulani inakubali IPv6, kwa kweli anauliza maswali matatu bila kujua. La kwanza ni kama swichi itaipitisha, na jibu karibu siku zote ni ndiyo, kwa sababu swichi ya kawaida husoma anwani za MAC, yaani namba za utambulisho za vifaa vyenyewe, na kupeleka fremu (vifurushi vya data) bila kujali kilichomo, iwe fremu imebeba namba 0x0800 ya IPv4 au 0x86DD ya IPv6. La pili ni kama swichi yenyewe inaweza kupewa anwani ya IPv6 ili fundi aingie kuisimamia. La tatu, ambalo ndilo lenye gharama, ni kama inaweza kuelekeza pakiti za IPv6 kutoka VLAN moja (mtandao mdogo uliotengwa ndani ya swichi) hadi nyingine kwa kasi ya maunzi yake. Muuzaji hujibu la kwanza, mnunuzi akadhani amejibiwa la tatu.

Gharama hiyo inaonekana kwenye kumbukumbu ya pekee ambamo swichi huhifadhi njia na orodha za ruhusa, kwani anwani ya IPv6 ni ndefu mara nne kuliko ya IPv4 na kumbukumbu hiyo haiongezeki. Kwenye swichi za Cisco Catalyst 3560 na 3750, ambazo bado zipo kwenye kabati nyingi, ni lazima uandike kwanza amri ya sdm prefer dual-ipv4-and-ipv6 default, kisha uiwashe swichi upya, ndipo ikubali usanidi wa IPv6. Nafasi ya anwani za MAC hushuka kutoka takriban 6,000 hadi takriban 2,000, na ya njia za IPv4 nayo hupungua. Kwa ofisi ya watu 60 hilo halisumbui, lakini kwa chuo chenye mabweni linastahili kuhesabiwa kabla ya kuizima swichi usiku.

Baada ya hapo, VLAN 10 inaweza kubeba 192.168.10.1 na 2001:db8:10::1 kwa pamoja. Kompyuta mpakato ikichomekwa hupata anwani yake ya IPv4, anwani ya ndani inayoanza na fe80, na nyingine ya IPv6 ya kutokea nje. Vivinjari vya sasa hujaribu IPv6 kwanza, na visipopata jibu ndani ya robo sekunde hivi huanza kujaribu IPv4 pia. Ni busara nzuri, ila huficha ubovu: IPv6 inaweza kufa kwa wiki nzima na watumiaji wakalalamika tu kwamba intaneti leo ni nzito.

Upande wa usalama ndio unaosahaulika zaidi. Nimewahi kukuta swichi ambayo orodha yake ya IPv4 iliruhusu SSH, njia ya kuingia kwenye kifaa kwa mbali, kutoka kompyuta mbili za mafundi pekee, huku kwa IPv6 kuingia kukiwa wazi kwa jengo zima, kwa kuwa orodha ya itifaki moja haiigusi nyingine kabisa. Vivyo hivyo, ulinzi dhidi ya seva bandia za DHCP (zile zinazozigawia kompyuta anwani) kwenye IPv4 hauizuii kompyuta ya mtu kujitangaza kuwa ruta ya IPv6. Kazi hiyo ni ya RA Guard, ambayo huwekwa kwenye poti za watumiaji. Na fundi aliyezoea kuzuia ICMP yote, yaani ujumbe wa taarifa na makosa ya mtandao, ili swichi isijibu ping (jaribio la kuona kama kifaa kipo mtandaoni) asiihamishie tabia hiyo kwenye IPv6, kwa sababu humo ICMPv6 ndiyo inayowatafuta majirani kwenye waya, kazi ambayo IPv4 huifanya kwa ARP, na ndiyo inayomwarifu mtumaji kwamba pakiti yake ni kubwa kuliko njia inavyoweza kubeba.