Kuficha folda si kuiruka: dhana potofu kuhusu find

"Kaka, hii find inakokota, na node_modules nimeshaitoa." Mteja wa tatu mwezi huu kuilalamikia find, amri ya kutafuta faili kwenye Linux, na node_modules, ile folda ya maktaba za JavaScript. Nikamwomba anitumie amri yake, ingawa nilishajua itakavyokuwa:

`find . -name '*.js' -not -path './node_modules/*'`

Dhana: -not -path inaizuia find isiingie kwenye folda

Haizuii. find inaingia, inashuka hadi chini kabisa, na kila .js inayoikuta inaikagua njia yake, kisha inaimeza kimyakimya. Folda ikiwa na faili laki moja, zote laki moja zimepitiwa. Kilichofichwa ni matokeo tu. Na wale wa `| grep -v node_modules`, mnaochuja orodha kwa grep baada ya find kumaliza, kosa lenu ni hilohilo, limebadilisha kanzu.

Usiniamini, jaribu. Kwenye folda tupu, bila kuwa root (mtumiaji mkuu), tengeneza folda isiyo na ruhusa yoyote:

`mkdir siri && chmod 000 siri`
`find . -not -path './siri/*'`

Utaona `Permission denied`. Asiyebisha hodi hafukuzwi mlangoni! Sasa andika hivi, -prune ikiwa ya kukata tawi na -o ikiwa "au":

`find . -path ./siri -prune -o -print`

Nukta tu, bila lalamiko. Haikubisha hodi kabisa. Kwa hiyo dawa ya mteja wangu ni hii:

`find . -name node_modules -prune -o -name '*.js' -print`

Yaani: ukikuta kinachoitwa node_modules, kata hapo, usishuke; kama sicho, na jina linaishia na .js, chapisha. Tena inanasa hata node_modules zilizojificha ndani ya miradi midogo, ambazo ile amri yake ilikuwa inaziacha zijae kwenye orodha.

Hiyo -print ya mwisho watu huiacha kwa uvivu. Ukiiacha, find inaweka -print yake juu ya sharti zima, na node_modules yenyewe inajitokeza kwenye orodha. Halafu mnanipigia simu kwamba -prune ni mbovu.

Dhana: -path node_modules inatosha

Ukianzia kwenye nukta, njia ni `./node_modules`, na -path hulinganisha njia nzima. Ule mkwaju (/) unaoachwa mwishoni na kitufe cha Tab nao ufute, unaharibu.

Dhana: --exclude-dir ya grep inapokea njia

Inataka jina la folda. `--exclude-dir=vendor`, sawa. `--exclude-dir=src/vendor`, unajisumbua.

Dhana: -prune italinda folda hata nikiweka -delete

Hii ndiyo inayoliza watu. -delete, ya kufuta, huwasha -depth (yaliyomo kwanza, folda yenyewe baadaye), na chini ya -depth, -prune haina nguvu yoyote. find ya GNU ya siku hizi inagoma na kukueleza sababu, lakini si kila find ina huruma hiyo. Mimi naanza na -print, naisoma orodha kwa macho yangu, ndipo mahali pa -print naweka `-exec rm {} +`.