Mkaguzi wa Mionzi Anatazama Nini? Jibu kwa Mzee wa Malindi

Kwenye baraza moja hapa Malindi, baada ya sala ya alasiri, mzee mvuvi aliniuliza swali ambalo sijalisahau. Tulikuwa tumekaa kuzungumzia mionzi, kwa sababu tangu habari za mtambo wa nyuklia uliopangwa kujengwa Uyombo, hapa Kilifi, zienee na wakazi kuupinga, watu wa ukanda huu wana wasiwasi, na haki wanayo. Mzee akanyanyua mkono akasema: "Mwanangu, umetwambia kazi yako ni kukagua. Mimi nikikagua chombo najua pa kutazama. Wewe ukiingia kwenye hicho kinu watazama nini, na mionzi yenyewe haionekani?"

Siku ile nilimjibu kwa ufupi, magharibi ilikuwa inakaribia. Hapa nataka kumjibu sawasawa.

Kwanza tutenganishe mambo mawili yaliyochanganywa barazani. Mvutano wa Uyombo ulihusu mtambo wa kuzalisha umeme. Kinu cha utafiti ni kitu kingine. Hakizalishi umeme, kinachotafutwa pale ni nyutroni, yaani chembe ndogo mno zinazotoka atomu za fueli zinapopasuka, zinazotumika kutengeneza dawa za mionzi za hospitali, kupima madini yaliyomo kwenye udongo na kufunza wanafunzi. Kenya haina kinu cha namna hiyo hadi sasa, ingawa serikali imetangaza kuwa inakipanga. Afrika haikuanza jana: Kinshasa ilipata cha kwanza mwaka 1959, Afrika Kusini imekuwa ikiendesha SAFARI-1 pale Pelindaba tangu 1965, Ghana ikafuata 1994, na Nijeria ikakiwasha cha Zaria 2004. Kile cha Ghana kilianza na nguvu ya kilowati 30 tu. Birika la umeme la nyumbani hula kama kilowati 2, kwa hiyo piga hesabu ya birika kumi na tano zinazochemka pamoja. Mtambo mkubwa wa umeme hutoa joto mara laki moja ya hilo.

Lakini udogo usimlaze mtu. Tarehe 23 Septemba 1983, mjini Buenos Aires, Argentina, fundi mzoefu alikuwa akibadilisha mpangilio wa fueli kwenye kinu kidogo cha utafiti kiitwacho RA-2. Utaratibu ulitaka maji yaondolewe kwanza tangini, maana maji ndiyo yanayosaidia kinu kuwaka. Hayakuondolewa. Kufumba na kufumbua kinu kikawaka kupita kiasi, na mtu yule alifariki siku mbili baadaye. Hapakuwa na ukuta ulioanguka wala tetemeko la ardhi. Hatua moja tu ilirukwa, na mtu mwenye kuijua kazi yake. Ndiyo maana nikikutana na fundi wa kinu, swali langu la mapema ni hili: mara ya mwisho mlipobadilisha kitu, nani alisimama kando kuhakikisha kila hatua, na aliandika wapi?

Sasa turudi kwenye chombo cha mzee. Nahodha anayejua kazi haanzi na tanga. Anainua mbao, anatazama ngama ina maji kiasi gani, anapapasa kalafati kwa kidole. Mkaguzi naye ni hivyo hivyo. Mgeni akiingia kwenye kinu cha aina ya bwawa, macho yake huenda moja kwa moja chini majini, kwenye ule mwanga wa buluu unaozunguka kiini, yaani pale fueli ilipo. Ni mzuri kweli, mimi mwenyewe ulinishika siku ya kwanza. Ila hauniambii lolote juu ya tabia za watu wanaofanya kazi pale.

Nilipokuwa mafunzoni ng'ambo, mwalimu wangu aliniweka kwenye kiti karibu na mlango wa kutokea, akaniambia nikae nusu saa bila kusema neno. Pale mlangoni kuna mashine: unaweka mikono miwili na miguu miwili, unasubiri sekunde chache, taa ikiwa ya kijani unatoka. Walipita watu kumi na mmoja. Tisa walisimama. Wawili walipita kama wanaopita sokoni, na mmoja wao ndiye aliyekuwa mkuu wa zamu. Mwalimu aliporudi hakuniuliza kuhusu kiini cha kinu. Aliniuliza: "Umeona wangapi?"

Kwa nini ile mashine ina uzito huo? Fikiria jiko la makaa. Ukikaa karibu nalo unapata joto. Ukiondoka, joto linabaki jikoni. Lakini ukishika masizi, unatoka nayo mkononi, unafungua mlango, unambeba mtoto, na doa jeusi linakufuata hadi kitandani. Mionzi inayokupiga ukiwa kazini ni kama joto la jiko. Vumbi au tone lenye kutoa mionzi ni kama masizi, na hilo sisi tunaliita uchafuzi; ndio ile mashine inaousaka. Tofauti ni kwamba masizi yanaonekana.

Ili kuyasaka haya yasiyoonekana natumia karatasi. Ni duara dogo, kama kifuniko cha chupa kubwa. Ninaipitisha juu ya eneo la sentimita kumi kwa kumi, halafu naiweka kwenye mashine ya kuhesabu. Meza ya maabara siihangaikii sana, maana walipojua nakuja waliisugua. Nafuta kitasa cha mlango, mkono wa simu, bomba la sinki, na ile kalamu iliyofungwa kwa uzi kwenye daftari la zamu, kwa kuwa kila mtu huishika na hakuna aliyewahi kuiosha.

Vipimio vyenyewe si vigeni kwa pwani hii. Desemba 12, 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililo baharini karibu na Ngomeni, ilirushwa setilaiti iliyopewa jina Uhuru, kwa kuwa siku ile Kenya ilikuwa ikiadhimisha uhuru wake. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa mahususi kutafuta mionzi ya eksirei kutoka kwenye nyota. Ndani yake mlikuwa na vihesabio vya gesi: mwali ukipita kwenye gesi huacha chaji ya umeme, chaji inahesabiwa. Kipimio ninachobeba begani kukagua sakafu ni cha ukoo huo huo.

Kipimio kisichosahihishwa ni hatari kuliko kutokuwa nacho, kwa sababu kinakupa moyo bila haki. Wauza samaki wa hapa wananielewa upesi: mizani hupelekwa kwa watu wa vipimo, ikajaribiwa kwa mawe yao, ikapigwa muhuri. Vipimio vya mionzi navyo hupelekwa kulinganishwa na kipimo cha taifa, na kwetu maabara hiyo iko Shirika la Viwango, Nairobi. Nikikuta kibandiko kimepitwa na tarehe, sisikilizi kwamba "bado kinafanya kazi." Kinalia, ndiyo. Hata mizani mbovu husogea.

Kisha naomba daftari la dozi, yaani kiasi cha mionzi alichopokea kila mtu. Mfanyakazi huvaa beji ndogo kifuani, nayo husomwa kila baada ya mwezi mmoja hadi mitatu. Dozi hupimwa kwa milisiveti. Kikomo cha mfanyakazi ni wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka kwa miaka mitano, na isizidi 50 katika mwaka wowote. Mwananchi wa kawaida asipate zaidi ya milisiveti 1 kwa mwaka kutokana na shughuli hizo. Hiyo ni nje ya ile anayoipata kwa kuumbwa kwa dunia, yaani mionzi ya ardhi, anga na chakula, ambayo wastani wake duniani ni kama 2.4. Kuna mahali ambapo ya ardhini ni nyingi zaidi, mfano Kilima cha Mrima kule Kwale, chenye madini ya thoriamu.

Watu hudhani nafurahia daftari lenye sufuri tupu. Sufuri kwa karani ni sawa. Sufuri kwa fundi anayeingiza na kutoa sampuli kila siku inanitia shaka, huenda beji inalala kwenye droo. Katika hospitali moja ya pwani nilikuta kinyume chake: beji ya mhudumu wa eksirei ilionyesha dozi kubwa, naye amefadhaika, halali usingizi. Kumbe aliizoea kuitundika msumarini ndani ya chumba cha kupigia picha. Ukuta ndio uliopata dozi. Tulikaa naye karibu saa nzima kumwonyesha, na siku hiyo nilijifunza kwamba kumpa mtu beji bila kumweleza ni kumtafutia maradhi ya moyo.

Daftari la maji nalo lina siri zake. Katika kinu cha bwawa maji, mbali na kusaidia kinu kuwaka, hufanya kazi mbili: yanapoza fueli, na mita kadhaa za maji juu ya kiini ndizo kinga ya anayesimama juu. Fueli nyingi zimevikwa alumini nyembamba, na maji yakichafuka yanaila. Watu wa Malindi hawahitaji mhadhara juu ya chumvi inavyokula bati. Kwa hiyo usafi wa maji hupimwa na kuandikwa kila siku. Nikikuta kurasa za siku thelathini zenye wino mmoja, mwandiko mmoja na tarakimu zisizoyumba hata kidogo, najua ziliandikwa siku moja, pengine jioni ya kuamkia ukaguzi. Tarakimu za kweli hupanda na kushuka kidogo kidogo, kama maji ya bamvua na maji mafu.

Hewa naikagua kwa karatasi ya chooni. Nakata ukanda, nauning'iniza kwenye upenyo wa mlango wa ukumbi wa kinu. Ukanda lazima uvutwe ndani. Hewa ya humu duniani ina gesi ya argoni, karibu asilimia moja. Nyutroni zikiigusa, sehemu yake hugeuka kuwa argoni-41 inayotoa mionzi, ambayo nusu yake huisha kwa muda usiofika saa mbili. Inatakiwa ipite kwenye bomba lenye kipimio. Ukanda ukipepea kuelekea nje, kazi inasimama mpaka feni zitengenezwe.

Mwisho nahesabu vyanzo vya mionzi, kimoja kimoja, kwa macho na kwa namba yake, sio kwenye orodha tu. Mwaka 1987 huko Goiânia, Brazili, mashine ya tiba iliachwa kwenye kliniki iliyohamwa. Wasaka vyuma chakavu wakaivunja, wakauza. Ndani mlikuwa na unga wa sesiamu-137, wenye kutoa mionzi mikali na kung'aa gizani. Watu wakaugawiana, wakajipaka. Wanne walikufa, na watu 249 walikutwa wamechafuliwa. Wanunuzi wa skrepa wa Malindi nawaomba sana: ukiona chombo kizito kama risasi chenye alama ya mapanga matatu kuzunguka duara, usikipige nyundo. Kaa mbali nacho, zuia watoto, piga simu polisi.

Na mkaguzi anakaguliwa na nani? Mzee aliuliza hilo pia. Zamani tulikuwa na Bodi ya Kinga ya Mionzi iliyoundwa kwa sheria ya 1982. Sheria ya mwaka 2019 ikaleta Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia, mbali na wakala wa serikali unaoendeleza miradi ya nyuklia. Kutenganisha huku ni jambo kubwa: anayejenga asijipe cheti mwenyewe. Ila utengano wa kwenye karatasi hautoshi kama wakaguzi ni wachache, hawana magari, au ripoti zao zinafungiwa kabatini. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Itumieni. Siku kinu kitakapojengwa, popote pale, ulizeni kilikaguliwa lini, kilikutwa na kasoro gani, na zilitengenezwa lini, na mdai majibu kwa Kiswahili.

Tulipoagana, mzee alinishika mkono akauliza: kama siku moja wakituruhusu kuingia kutembea, nami si msomi, nitazame nini? Nikamwambia asijisumbue na mwanga wa buluu. Akae karibu na mlango wa kutokea, pale penye mashine ya mikono na miguu, amtazame mkuu wa zamu anavyotoka.