Kumbukumbu ya utambuzi: namna ya kuuliza hubadilisha kinachopimwa

Kumbukumbu ya utambuzi ni uwezo wa kujua kwamba kitu kilicho mbele yako umewahi kukutana nacho. Hulazimiki kukichimbua kichwani. Unaonyeshwa, nawe unaamua kama unakijua au ni kigeni. Binadamu ni hodari kwa hili. Mwaka 1973 mwanasaikolojia Lionel Standing aliripoti kuwa watu walioonyeshwa picha 10,000 bado waliweza kutambua nyingi mno kati yake.

Lakini uhodari huo hupimwaje? Njia ya kwanza ni ya ndiyo au hapana: picha za zamani huchanganywa na ngeni, mshiriki anaijibu kila moja peke yake. Hapa pana mtego. Tuseme mtu mmoja anasema “ndiyo” kwa asilimia 80 ya picha za zamani na asilimia 20 ya ngeni. Mwingine anasema “ndiyo” kwa asilimia 95 ya za zamani, na pia asilimia 50 ya ngeni. Nani ana kumbukumbu bora? Ukikokotoa kwa nadharia ya ugunduzi wa ishara, inayotenganisha uwezo wa kutofautisha na wepesi wa kukubali, alama zao za kutofautisha ziko karibu sawa: 1.68 na 1.64. Huyu wa pili ni mwepesi tu wa kukubali. Ndiyo maana asilimia ya majibu sahihi ya “ndiyo”, ikitajwa peke yake, haituambii lolote la maana.

Njia ya pili ni chaguo la lazima: picha mbili kwa pamoja, moja ya zamani na moja ngeni, chagua. Wepesi wa kukubali hauna nafasi tena, na nadharia hiyohiyo inabashiri kuwa wote wawili watapata takriban asilimia 88.

Mpaka hapo ungedhani njia hizi zinapima kitu kimoja. Modeli za kompyuta zinatia shaka. Mwaka 2003 watafiti Kenneth Norman na Randall O'Reilly walieleza modeli ya neva bandia, yaani programu inayoiga mtandao wa seli za ubongo, yenye sehemu mbili: gamba la ubongo, linalotoa hisia ya “hiki nakijua”, na hipokampasi, sehemu ndogo iliyo ndani ya ubongo, inayorudisha tukio lenyewe pamoja na mambo yake. Picha ngeni zikifanana sana na za zamani, hisia ya gamba hutofautiana mno kutoka picha hadi picha, hivyo katika ndiyo au hapana ile tofauti ndogo kati ya ya zamani na ngeni humezwa. Ila ukiweka picha ya zamani kando ya pacha wake, hisia zao hupanda na kushuka pamoja. Tofauti, hata ikiwa ndogo, huelekea upande uleule karibu kila mara.

Ubashiri unaotokana na hapo ni mkali: aliyeumia hipokampasi, akabaki kutegemea gamba, ashindwe kwenye ndiyo au hapana lakini afaulu kwenye chaguo la lazima. Mgonjwa mmoja aliyeripotiwa mwaka 2002 alionyesha hivyo hasa. Wengine waliopimwa baadaye hawakuonyesha, na mabishano yanaendelea.