Urithi wa kiroho si hati ya kiwanja

Hapa Kampala wapo ndugu wanaozunguka kiwanja cha mtu wakiomba na kudai kwamba Mungu amewapa, kwa kuwa Yoshua aliahidiwa kila mahali watu wake watakapokanyaga. Ahadi ile walipewa Waisraeli, kuhusu Kanaani. Urithi wa Mkristo, asema Petro, umetunzwa mbinguni, na Paulo amtaja Roho Mtakatifu kuwa arabuni yake. Arabuni! Mchuuzi yeyote wa soko la Owino anaijua: malipo ya awali, mengine yanakuja.

Na imani itaigusaje jamii, kama si kwa kudai viwanja? Watazameni Balokole, yaani “waliookoka”, Wakristo wa uamsho wa Afrika Mashariki wa miaka ya 1930. Walitubu hadharani, wakarudisha vitu walivyoiba, wakalipa madeni. Imani ya namna hiyo huonekana hata na jirani asiyekanyaga kanisani.