Siumwi, Nikapime Nini?

Shangazi yangu alikoma hedhi akiwa na miaka 51. Alipofika 58 damu ikamrudia, matone mawili matatu kwenye khanga, yanapotea, yanarudi. Akatutania kwamba ujana umerudi. Utani ule ulichukua miezi minne, na siku alipokubali kupanda kitanda cha hospitali, saratani ya mlango wa kizazi ilikuwa imeshafika hatua ya tatu.

Namtaja mapema kwa sababu watu wanachanganya mambo mawili. Kuna uchunguzi, ambao ni wa mtu asiyeumwa chochote, na huo ndio wenye umri wa kuanza na miaka ya kurudia. Halafu kuna dalili. Damu baada ya kukoma hedhi, damu baada ya tendo la ndoa, uvimbe kwenye titi, choo chenye damu: hivi havina ratiba. Aliye navyo, awe na miaka 24 au 70, aende wiki hii hii, wala asiambiwe kwamba umri wake bado au umepita.

"Siumwi, nikapime nini?"

Kutoumwa ndiyo sababu ya kwenda. Saratani ya mlango wa kizazi karibu yote huanzia kwenye kirusi cha HPV, na toka kuambukizwa hadi saratani yenyewe kwa kawaida hupita miaka 15 hadi 20. Kwa mwanamke mwenye VVU asiyetumia dawa inaweza kuwa miaka 5 hadi 10. Miaka yote hiyo chembe zinabadilika polepole na hakuna kinachouma, hakuna kinachonuka, mtu analima, anauza, anazaa. Wanaosubiri maumivu ndio hao wengi wanaofika Taasisi ya Saratani Ocean Road wakiwa hatua ya tatu na ya nne.

"Wanakukata nyama, wengine wanatoka bila kizazi"

Hili nililisikia kwenye daladala, kwa sauti ya mtu mwenye uhakika wote, na nakiri lilinichelewesha miaka miwili. Basi nieleze nilichokikuta siku nilipokwenda kupimwa mlango wa kizazi.

Unavua nguo ya ndani, unajifunika khanga yako mwenyewe, unapanda kitandani. Nesi anaingiza kifaa cha kupanulia uke, chenye umbo la mdomo wa bata. Kina ubaridi, na huo ubaridi ndio unaoshtua kuliko kitu kingine chochote. Anavuta taa karibu. Anachovya pamba kwenye siki, asidi ya asetiki ya asilimia 3 hadi 5, anapaka mlango wa kizazi, halafu mnasubiri dakika moja. Dakika hiyo ni ndefu. Wa kwangu aliijaza kwa kuniuliza mchele unauzwaje siku hizi. Siki inawasha kidogo, basi. Sehemu zisizo na neno hubaki na rangi ya waridi. Zilizoanza kubadilika hugeuka nyeupe.

Na weupe huo si saratani. Mara nyingi ni mabadiliko ya awali, na mara nyingi yanatibiwa siku ile ile kwa tiba mgando, yaani kuligandisha eneo hilo kwa baridi kali, au kwa kifaa cha joto kinachounguza eneo dogo tu. Kizazi kinabaki mahali pake. Baada ya tiba hiyo kuna wiki nne za kukaa mbali na tendo la ndoa, na nadhani hapo ndipo penye ugumu wenyewe, maana si kila nyumba mke anaweza kutamka hivyo bila ugomvi. Ni vizuri mume ajue kabla. Kinyama kidogo hukatwa tu pale mpimaji anaposhuku saratani, kipelekwe maabara. Huenda uvumi wa daladala ulizaliwa hapo.

"Ni ugonjwa wa wasiotulia"

Neno hili limewafungia wanawake wengi ndani. HPV huambukizwa kwa kujamiiana, na karibu kila aliyewahi kujamiiana hukipata wakati fulani wa maisha yake. Mwanamke wa mume mmoja anaweza kuwa nacho, mume wa mke mmoja anaweza kuwa nacho. Wengi miili yao hukifuta chenyewe ndani ya miaka miwili hivi. Kinachohesabika ni kirusi kilichogoma kuondoka, na kugoma huko hakuulizi ndoa ya mtu.

"Nianze mapema kabisa, ndiyo salama"

Hapa wengi hawaamini. Shirika la Afya Duniani linashauri wanawake kwa jumla waanze wakiwa na miaka 30, na wenye VVU waanze 25. Si ubahili. Msichana wa miaka 21 akipimwa, uwezekano ni mkubwa kukutwa na kirusi au mabadiliko ambayo mwili wake ungeyafuta bila msaada, akaishia kutibiwa kisichohitaji tiba.

Kurudia kunategemea kipimo ulichotumia. Siki ni kila miaka mitatu. Kipimo cha kirusi chenyewe, kwa mwanamke asiye na VVU, kila miaka mitano hadi kumi. Kwa mwenye VVU, mitatu hadi mitano. Hivyo ukiambiwa "uko salama", uliza papo hapo: nimepimwa kwa nini, na nirudi lini? Tena baada ya kukoma hedhi siki huanza kukosa kazi, kwa sababu eneo linalotakiwa kuonekana hujivuta ndani. Mama wa miaka 55 anafaa zaidi kipimo cha kirusi, kama kipo kituoni.

"Binti kachanjwa, yamekwisha"

Tanzania ilianza chanjo ya HPV nchi nzima mwaka 2018, kwa wasichana wa miaka 14, dozi mbili. Mwaka 2024 ikawa dozi moja, kwa wa miaka 9 hadi 14. Haifungi uzazi. Aina za 16 na 18 za kirusi, ambazo chanjo inazizuia, ndizo zinazoleta takriban asilimia 70 ya saratani hii, maana yake kuna zinazobaki. Binti aliyechanjwa akiwa na miaka 14 mwaka 2018 atafikisha 30 mwaka 2034, na kitanda cha nesi bado kitamhusu.

"Nipime vyote, nijue moja"

Mwenye hela siku hizi ananunua kifurushi cha vipimo kama anavyonunua bando. Kuna tatizo. Korea Kusini watu walijizoesha kupigwa utrasaundi ya tezi ya thairoidi, ile ya shingoni, wakiwa wazima. Kufikia mwaka 2011 saratani hiyo ilikuwa inagunduliwa mara 15 kuliko mwaka 1993, wagonjwa zaidi ya 40,000 kwa mwaka. Idadi ya waliokufa haikushuka. Vivimbe vingi vilikuwa vya kukaa na mtu mpaka azeeke, lakini watu walipasuliwa, wakabaki wanameza vidonge maisha yote, na wachache wakaharibikiwa sauti.

Wanaume nao wana kipimo cha damu cha PSA kwa ajili ya tezi dume. Kinapanda kwa saratani, lakini pia kwa tezi iliyovimba tu kwa uzee au kwa maambukizi. Kinafaa baada ya mazungumzo na daktari, hasa kama baba au kaka aliugua, si kwa kuwa kiliwekwa kwenye ofa. Kipimo cha presha, ambacho hakina mbwembwe, hakiulizi hata umri: mkanda kwenye mkono, dakika mbili. Na presha haimuumizi kichwa kila mwenye nayo, wengi hawajui kabisa.

Halafu wapo vijana wa kijiti cha chuma. Unakishika mkononi, waya unaingia kwenye laptopu, dakika moja printa inatoa kurasa kumi na kitu: ini, figo, mifupa, macho, hata "sumu mwilini". Hakuna damu, hakuna mkojo, na hakuna kipimo hapo. Kuna dawa lishe zinazouzwa kwenye meza ya pili. Jirani yangu, mama wa watoto watano, alirudi na karatasi zake akaniomba nimsomee. Kijana alikosea kubofya jinsia. Ukurasa wa saba uliandika kwamba tezi dume yake imeanza kuvimba. Dawa alishanunua, makopo matatu.